Miezi mitatu ya kujifunza kujisikia

Nilikwenda kwa sababu ya shingo. Naanza na hilo asije mtu akadhani nilikuwa natafuta kujitambua. Shingo ilikuwa imekaza upande wa kulia karibu mwaka mzima, na asubuhi siwezi kutazama kando bila kugeuza na mabega. Nilipigwa picha, nikapimwa damu, nikapewa vidonge. Majibu yote safi. Daktari wa mwisho alizipitia karatasi zangu, kisha akauliza, "Kazini na nyumbani kukoje?" Nikamjibu, "Salama tu." Akanitazama kidogo, halafu akaandika barua ya kunielekeza kwa mtaalamu wa tiba ya mwili na akili.

Nilihudhuria vipindi 12, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 50. Nitaeleza kinachofanyika mle ndani, maana kabla ya kuanza nilitafuta maelezo nikakuta maneno matamu tu: nishati, uponyaji, safari ya ndani. Hakuna aliyesema unakaa wapi na unafanya nini.

Unakaa kwenye kiti. Nguo zako zote mwilini, viatu ukipenda unavua. Kipindi cha kwanza kilikuwa maswali matupu: usingizi, dawa ninazotumia, kama nina ugonjwa wa moyo au kifafa, kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Akanipa na mipaka yake. Hatanigusa bila kuniomba ruhusa, naweza kusema basi wakati wowote, na nisiache kumwona daktari kwa sababu yake. Hapo hapo nikamwamini. Ukienda kwa mtu asiyekuuliza hata kimoja katika hayo, chukua mkoba wako uondoke.

Kipindi cha pili ndipo nilipokwama. Aliniambia nieleze jambo dogo lililoniudhi wiki ile. Nikaanza habari za mkuu wangu wa kazi, aliyenipigia Ijumaa jioni nikashike zamu ya Jumamosi isiyokuwa yangu. Nilipopamba moto akanikatiza.

"Unasikia nini mwilini sasa hivi?"

"Nafikiri ananionea."

"Hilo unalifikiri. Unasikia nini?"

Nikanyamaza. Sikuwa nasikia kitu. Kutoka shingoni kushuka chini nilikuwa kama gunia. Aliniacha hivyo hivyo, wala hakunihimiza. Ilipita dakika nzima, labda mbili, ndipo nikagundua kwamba kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimejificha ndani ya ngumi na meno yameumana. Nilikuwa nimekaa hivyo tangu niingie, pengine tangu Ijumaa.

Lile neno lake nililibeba hadi nyumbani. Tunasikia kengele, tunasikia njaa, baridi, harufu, aibu. Sikio, ngozi, pua na tumbo vyote vimepewa kitenzi kimoja. Wasiwasi tunauita tumbo joto, uchungu unakata maini, woga unaweka roho juu, na hasira ukiimeza inabaki donge kooni. Waliotuachia misemo hii hawakuhitaji mtaalamu awaambie kwamba hisia zinakaa mwilini. Mimi nilikuwa nayasema maneno haya kila siku kama mapambo.

Mtaalamu wangu hakushikilia mbinu moja. Tulianza na kukaza misuli kwa makusudi kisha kuiachia, kundi moja baada ya jingine kuanzia miguuni, zoezi lililobuniwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson karne iliyopita. Linaonekana la kitoto mpaka ufike mabegani ukute huwezi kuyaachia kwa sababu hukuwa unajua umeyashika. Lingine ni kulala chali na kuupitia mwili kwa akili, sehemu kwa sehemu, kama linavyofundishwa kwenye mafunzo ya wiki 8 aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Hili sikuliweza. Mara tatu nilikoroma kabla hatujafika magotini. Mtaalamu alisema hata huo ni ujumbe wa mwili. Mimi nasema ni uchovu.

Kilichonigusa hasa ni mbinu ya Eugene Gendlin, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alichunguza kwa nini baadhi ya watu wanapata nafuu wanapozungumza na mshauri na wengine hawapati, akaona kwamba wanaofaidika husitasita katikati ya maneno. Wanatafuta neno la kitu ambacho mwili unakijua lakini mdomo haujakipatia jina. Kwa hiyo unaketi na ile hali, unaijaribishia maneno kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli, na mwili wenyewe ndio unaokuambia lipi limeingia.

Kipindi cha tano tuliijaribu kwenye shingo. Nikasema, imekaza. Hapana, hilo nililijua hata kabla ya kuja. Nikasema, imebeba mzigo. Karibu, lakini bado. Tukakaa kimya, nasikia saa ya ukutani inavyogonga. Halafu likatoka lenyewe: inangoja. Ni shingo ya mtu anayengoja kuitwa, sikio limetegwa mlangoni. Na bega la kulia likashuka. Sikulishusha mimi, lilishuka. Mimi ni kifungua mimba kwetu. Tangu utotoni nikiitwa jina naitika kabla sijajua naitiwa nini, na utu uzima wangu wote umekuwa hivyo hivyo kwa mama, kwa wadogo zangu, kwa mkuu wa kazi. "Haina neno" inanitoka kinywani kabla mtu hajamaliza kuomba.

Nililia kidogo. Si kilio cha sinema, machozi mawili matatu tu na kamasi nyingi.

Kipindi kilichofuata aliniomba nisimame, nisukume ukuta kwa viganja vyote viwili, niseme "hapana" kwa sauti. Ya kwanza ilitoka kama swali. Ya pili ikaishia kooni. Ya tatu nikajikuta naongezea "samahani" mbele yake. Tukacheka wote wawili, na kwa mtu mzima kucheka umeegemea ukuta ni tiba tosha. Ya sita au ya saba ndiyo iliyotoka kifuani.

Nyumbani ninachotumia mpaka leo ni pumzi tu. Unavuta polepole, unatoa kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyovuta. Hakuna uganga. Unapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kidogo kupitia neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni, na nyuzi zake nyingi hupeleka habari kutoka mwilini kwenda kichwani. Dakika tatu kabla ya kupokea simu ngumu zinatosha.

Sasa malalamiko. La kwanza, mtaalamu wangu alikuwa na tabia ya kusema mambo kwa uhakika usiokuwapo: hasira inahifadhiwa kwenye ini, huzuni kwenye nyonga. Nilimuuliza ushahidi uko wapi. Kwa bahati nzuri hakukasirika, alikiri kwamba ni mapokeo ya walimu wake. Kwamba msongo wa mawazo hukaza misuli na huvuruga tumbo, hilo linajulikana. Kwamba kila kiungo ni kabati la hisia yake, hapana.

La pili halimhusu yeye. Nikiwa katikati ya vipindi nilinogewa, nikajiandikisha na kundi jingine lililoahidi kufungua kila kitu kwa siku moja kwa kupumua haraka haraka. Dakika kama ishirini hivi, vidole vikaanza kunichonyota, kisha vikajikunja vyenyewe kama makucha ya kuku, midomo imekufa ganzi. Aliyeongoza akaniinamia na kuninong'oneza, "Usiogope, ni maumivu ya zamani yanatoka." Si kweli. Ukipumua mno unaitoa hewa ukaa kupita kiasi, kemia ya damu inabadilika, na mikono inakakamaa. Ingemtokea mtu yeyote, mwenye maumivu ya zamani na asiye nayo. Hakuna aliyeniuliza mlangoni kama nina kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito, na hao wote hushauriwa wakae mbali na zoezi hilo. Nilirudi nyumbani natetemeka, sikulala.

Wiki iliyofuata nilimsimulia mtaalamu wangu. Kipindi kizima tulikitumia macho wazi, nikitaja vitu vilivyomo chumbani: pazia, kalamu, ufa kwenye dari. Aliniambia kwamba mtu aliyepitia mambo mazito hapaswi kusukumwa ndani ya mwili wake kwa pupa, maana ndani humo ndimo yalimomkuta. Anaingizwa kidogo, anatolewa, anaingizwa tena. Kwa maneno hayo peke yake nilimsamehe habari za ini.

Kati ya nyota 5 nampa 4. Moja nimeikata kwa ajili ya nyonga, na kwa kuwa mazoezi ya nyumbani aliyaeleza mdomoni tu, nikifika mlangoni nimeshasahau nusu. Shingo haijapona kabisa. Inageuka, ila nikikesha kazini inakaza tena, na sasa huwa najua siku iliyotangulia nilimwitikia nani.

Mwezi uliopita mkuu alinipigia tena Ijumaa jioni. Nilisikia gumba likiingia ndani ya ngumi. Nikalitoa, nikamwambia anipe dakika kumi nitampigia. Nilipompigia nikamwambia Jumamosi siwezi. Zamu ikamwangukia mwenzangu, ambaye Jumatatu alinikuta kwenye ngazi akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Siku hizi unajisikia sana wewe."

Nikamwambia ndiyo, na nimelipia.