Warcraft III na masasisho yake: uzoefu wangu kwenye kompyuta ya kawaida

Nimeucheza Warcraft III, mchezo wa kompyuta wa kuongoza majeshi kutoka kampuni ya Blizzard, kwa muda mrefu kiasi cha kuupitia katika hali zake zote: ulipokuwa ukiingizwa kwa diski, ulipokaa miaka bila kuguswa, ulipoanza kushughulikiwa upya mwaka 2016, ulipogeuzwa kuwa Warcraft III: Reforged tarehe 28 Januari 2020, na sasa baada ya toleo la 2.0 lililotoka Novemba 2024. Tathmini hii haihusu hadithi ya Arthas, mhusika mkuu wa mchezo, wala uzuri wa ramani, kwa kuwa hayo yameshaelezwa na wengi. Inahusu wepesi wa mchezo, yaani namna unavyoitikia amri na namna unavyohimili vita vikubwa, na kile ambacho kila sasisho limemletea mchezaji mwenye kompyuta mpakato isiyo na kadi ya michoro ya pekee, anayeingia mtandaoni akiwa Dar es Salaam. Msimamo wangu ni kwamba katika mchezo wa mikakati wa papo kwa papo, wepesi ni sehemu ya kanuni zenyewe za mchezo, na ndicho kipimo cha kwanza ninachokitumia kwa sasisho lolote.

Nitoe mfano ulio wazi kwa yeyote anayecheza upande wa Undead, yaani jeshi la wafu wanaotembea. Shujaa wangu wa kwanza karibu kila mechi ni Death Knight, ambaye uwezo wake wa Death Coil katika ngazi ya kwanza humrudishia askari wa Undead alama 200 za uhai, au humpunguzia adui aliye hai alama 100. Crypt Fiend, mmoja wa askari wa Undead, ana alama 550 tu. Adui akiwaelekeza askari wake wote kwa Crypt Fiend mmoja, uhai huo hushuka mbele ya macho, na Death Coil si tiba ya papo hapo kwani ni kombora linaloruka angani hadi limfikie mlengwa. Kwa hiyo kuna muda wa kuona, muda wa kubonyeza, muda wa amri kusafiri na muda wa kombora kuruka. Mchezaji ana mamlaka juu ya viwili vya mwanzo pekee. Picha ikikwama kidogo tu katikati ya hapo, askari amekufa, adui amepata uzoefu wa kumpandisha shujaa wake ngazi, na mechi imeinama upande mmoja bila yeyote kukosea mkakati.

Ni vizuri pia msomaji afahamu jinsi mchezo huu unavyofanya kazi ndani, kwa sababu ndipo malalamiko mengi ya wachezaji yanapoanzia. Kompyuta za wachezaji hazitumiani picha ya vita wala mahali alipo kila askari. Kila kompyuta huendesha vita vyote yenyewe, na kinachopita mtandaoni ni amri tu: huyu aende pale, yule ashambulie hiki. Ili matokeo yafanane, wote lazima watekeleze amri zilezile katika hatua ileile ya mchezo. Mfumo huu ulitungwa kwa busara kubwa katika zama za modemu za simu, na ndio uliowezesha mamia ya askari kupigana kwa kutumia data kidogo mno. Gharama yake ni kwamba kompyuta moja iliyozidiwa inaweza kuwasubirisha wote. Wepesi wa mashine yangu, kwa hiyo, ni haki ya mwenzangu pia.

Toleo la kwanza la mwaka 2002 liliomba prosesa ya Pentium II ya megahezi 400 na kumbukumbu ya megabaiti 128. Mtu angetarajia kwamba mchezo mdogo kiasi hicho ungepaa kwenye kompyuta za leo. Haikuwa hivyo. Uliandikwa kwa ajili ya mfumo wa michoro wa Direct3D 8, na kadiri Windows ilivyobadilika ndivyo ulivyozidi kuwa mgeni ndani ya mashine mpya: picha ilitanuliwa ili kujaza skrini pana hadi askari wakaonekana wafupi na wanene, na wengi wetu tuliuanzisha kwa kuongeza neno la amri lililolazimisha mfumo mwingine wa michoro, OpenGL, tukitumaini kwamba siku hiyo utakubali.

Ndiyo maana ninayathamini sana masasisho ya 2018 na 2019, ingawa hayakuwa na shamrashamra. Toleo la 1.29 lilileta msaada wa kweli wa skrini pana na kuongeza nafasi katika mechi moja hadi wachezaji 24. Katika kipindi hichohicho mchezo ulihamishiwa mifumo mipya ya michoro, na toleo la 1.31 likawaruhusu waundaji wa ramani kutumia lugha ya Lua badala ya kutegemea JASS, lugha ya zamani ya mchezo huu, peke yake. Baada ya mabadiliko hayo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliweza kuufungua mchezo kwenye kompyuta niliyonayo bila kutafuta ujanja wowote, nikasogeza kamera kutoka kambi yangu hadi upande wa pili wa ramani bila picha kuruka. Mtu asiyecheza ataona ni jambo dogo, lakini mimi naliona kuwa kazi bora kuliko zote zilizofanywa juu ya mchezo huu tangu upanuzi wa The Frozen Throne wa mwaka 2003.

Suala la Lua linastahili maelezo zaidi, hasa kwa wapenzi wa ramani zilizotungwa na wachezaji, ambazo ndizo zilizouzaa mtindo wa DotA, ambapo kila mchezaji huongoza shujaa mmoja. Katika JASS, mtunzi wa ramani alipaswa kufuta mwenyewe kila kitu cha muda alichokiumba, kama vile alama ya mahali au kundi la askari, na asipofanya hivyo vitu hivyo hubaki vikijaa kwenye kumbukumbu. Mechi ya dakika 20 haiathiriki sana. Ramani ya kulinda ngome inayochukua saa nzima, ikizaa mawimbi ya maadui bila kukoma, huanza vizuri kisha hulegea polepole mpaka kila amri inaburuzika. Lua ina utaratibu wa kusafisha kumbukumbu wenyewe, ingawa haumwondolei mtunzi wajibu wote. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ramani fulani ikikwama kadiri muda unavyokwenda, kagua kwanza ramani yenyewe kabla ya kuilaumu kompyuta au mchezo.

Reforged ya mwaka 2020 ilipokelewa vibaya duniani kote, na hilo liko kwenye kumbukumbu za umma: alama za watumiaji katika tovuti ya Metacritic zilishuka chini ya 1 kati ya 10, na Blizzard ikawafungulia wanunuzi mlango wa kurudishiwa fedha. Ilitoka bila orodha ya viwango vya ushindani, ambayo ilirejea mwaka 2022 kwa toleo la 1.33. Mchezo uliokuwa ukihitaji megabaiti 700 za diski sasa ulihitaji takriban GB 30, na kwa mtu anayenunua bando, GB 30 ni gharama ya kupangia bajeti. Hata hivyo sitaki kurudia lawama zilizokwisha kusemwa. Kinachonihusu ni kwamba sanamu mpya za askari zina maelezo mengi mno kwa kadi dhaifu ya michoro. Kwenye mashine yangu vita vya mapema vilikwenda vizuri, lakini majeshi mawili yalipokutana na nguvu za kichawi kurushwa pande zote, idadi ya fremu kwa sekunde ilishuka hadi nikarudi kwenye michoro ya zamani, ambayo kwa bahati njema iliachwa kama chaguo.

Tena, nadhani michoro ya zamani inasomeka vizuri zaidi. Katika msongamano wa vita ninahitaji kumtambua Ghoul na kumtofautisha na Crypt Fiend kwa jicho moja, kwa umbo na rangi ya timu, na wachoraji wa mwaka 2002 walilijua hilo vizuri: mabega makubwa, silaha kubwa, rangi nzito. Kadiri maelezo madogo yanavyoongezeka, ndivyo umbo linavyozama.

Toleo la 2.0, lililotolewa katika maadhimisho ya miaka 30 ya Warcraft, limenipa kile nilichokuwa nikikitamani. Michoro ya zamani imesafishwa na kuongezewa ukali bila kubadilishiwa maumbo, na mchezaji anaweza kuchanganya ya zamani na mipya badala ya kulazimika kuchagua upande mmoja kwa kila kitu. Mpangilio ninaoutumia sasa ni askari wa zamani waliosafishwa, vivuli vimezimwa na mwangaza umewekwa chini. Kwa mpangilio huo mechi ya mtu mmoja kwa mmoja ni laini tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mechi ya wanne kwa wanne, ambapo kila mmoja anaweza kufikisha kiwango cha chakula cha 100, yaani kikomo cha ukubwa wa jeshi, bado naona mshtuko majeshi yote yanapokutana, ila ni wa muda mfupi na sijapoteza shujaa kwa sababu yake.

Upande wa mtandao nao una historia yake. Kwa miaka mingi mechi za Battle.net, huduma ya mtandaoni ya Blizzard, zilikuwa na ucheleweshaji wa makusudi wa takriban robo sekunde kwa kila amri, ili wenye intaneti hafifu wasiachwe nyuma, wakati mechi za ndani ya chumba kimoja zilikuwa na takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kabla ya kebo za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na EASSy kufika pwani yetu mwaka 2009 na 2010, data nyingi za Afrika Mashariki zilipanda hadi setilaiti na kushuka, safari inayokula nusu sekunde au zaidi kwenda na kurudi, na katika hali hiyo mchezo huu ulichezwa kwa waya wa ndani au haukuchezwa kabisa. Leo umbali wa kufika Ulaya unahisika lakini unazoeleka. Ninacheza mechi nyingi za ushindani kupitia W3Champions, mfumo ulioanzishwa na wachezaji wenyewe, kwa sababu unaniwezesha kuchagua seva iliyo karibu zaidi na kuona ucheleweshaji wangu kabla ya mechi kuanza. Jambo la msingi ni uthabiti: mkono huzoea ucheleweshaji usiobadilika na kubonyeza mapema kidogo, lakini ule unaopanda na kushuka hauzoeleki.

Kwa anayefikiria kuununua akiwa na kompyuta kama yangu, ninampendekezea bila kusita, kwa sharti kwamba ana kumbukumbu ya GB 8. Mahitaji ya chini yaliyotangazwa ni GB 4, lakini ukiacha kivinjari wazi pembeni utaumia. Anayeutaka kwa ajili ya michoro ya Reforged pekee asubiri hadi awe na kadi ya michoro inayojitegemea.

Yapo mawili ambayo bado ninayaomba. La kwanza ni kuruhusiwa kupakua michoro ya zamani tu, ili asiyetumia sanamu mpya asibebe GB zake. La pili ni kuhusu rekodi za mechi. Kwa kuwa rekodi huhifadhi amri tu na si picha, faili lake ni dogo sana, lakini kwa sababu hiyohiyo mabadiliko ya kanuni katika sasisho jipya huifanya isichezeke tena: amri ni zilezile, lakini vita haviendi kama vilivyokwenda. Ningependa toleo lijalo lihifadhi kanuni za matoleo yaliyotangulia, angalau kuanzia 2.0, ili mechi tunazojifunzia ziendelee kufunguka.