Baiskeli ya mbio ya laki mbili na nusu: miezi minane Mtwara hadi Mikindani

Tangu nikiwa chuo nilikuwa naitamani baiskeli ya mbio, zile zenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo. Machi mwaka huu nikaipata dukani Dar es Salaam, mpya, ndani ya boksi, kwa 250,000. Kwa pesa hiyo watu wa mashindano wananunua matairi mawili tu. Nilijua, nikalipa hivyo hivyo.

Nakaa Chikongola, nafundisha Mikindani. Ni kilomita kama 11 za lami, na sehemu kubwa ni tambarare. Asubuhi mambo ni mazuri. Taabu ni kurudi, hasa Juni hadi Agosti, kusi ikivuma: unatoka kazini na njaa yako, na upepo unakusukuma kifuani mpaka mjini. Hapo ndipo ule usukani wa kuinama ulipojilipa. Ukishika chini na kulala kidogo upepo unakupita juu. Kwa baiskeli yangu ya zamani ya karia nilikuwa nasimama wima kama tanga.

Tuanze siku ya kwanza. Niliipandisha kwenye basi kwa 15,000 ikiwa imeshaunganishwa na kijana wa dukani. Kwa siku mbili, kila nikikata kona, ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele. Nikadhani ni ugeni wangu. Siku ya tatu nikampitia fundi anayekaa chini ya mwarobaini karibu na kwangu, nijaze upepo tu. Aliiangalia bila kuigusa.

"Mwalimu, hii foku imewekwa nyuma mbele."

Foku ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Sikuona kitu mpaka aliponionyesha kwa kidole. Breki ya mbele ilikuwa inaitazama fremu badala ya kutazama barabara, na miguu ya foku, ambayo inatakiwa ipinde kidogo kwenda mbele, ilikuwa imepinda kuja miguuni mwangu. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa pembeni akacheka: "Njomba, ulikuwa unaendesha kinyumenyume!" Kwa hiyo ukinunua moja ya hizi, kabla hujatoa pesa tazama breki ya mbele iko upande gani.

Fundi hakuishia hapo. Alifungua magurudumu yote mawili, akanitolea golori kwenye kifuniko cha kopo nizione: kavu, grisi iliyokuwepo haitoshi kupaka ukucha, na koni, zile nati zinazozibana golori, zimekazwa mpaka ekseli inazunguka kwa kukwaruza. Akasafisha, akapaka grisi upya, akakaza krenki ya kushoto, ule mkono unaobeba pedali, ambayo ilishaanza kucheza. Elfu ishirini. Krenki hiyo usiipuuze. Ukiendesha ikiwa imelegea, tundu lake linaliwa pembe, na hapo hata ukikaza vipi haishiki tena.

Boksi limeandikwa wepesi kwa herufi kubwa. Nikaipeleka kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, tukaitundika kwenye mizani yake: kilo 14 na nusu. Akaniuliza kama nauza.

Fremu ni chuma cha kawaida, na kusema kweli sina ugomvi nayo. Gia ziko saba nyuma na mbili mbele, mimi natumia tatu. Breki ndizo zilizonitisha. Mipira yake ilikuwa migumu kama kandambili iliyokaa juani, na ukibana sana mikono ya breki yenyewe inajipinda kabla gurudumu halijasimama. Nilibadilisha mipira kwa 8,000 na mambo yakawa afadhali, lakini msimu huu wa korosho, malori yakiwa mengi, bado naanza kushika breki mapema kuliko mwenye akili timamu.

Sasa magurudumu, maana ndiko pesa ilikokwenda. Mwezi wa tatu wa matumizi spoku ya kwanza ikakatika, nyuma, upande wa gia. Mimi nina kilo 78 na mkoba wa madaftari. Fundi akaweka nyingine, wiki iliyofuata zikakatika mbili. Halafu gurudumu likaanza kupepesuka, tukafungua, tukakuta ekseli imepinda. Fundi akanieleza sababu kwa kutumia biro yangu. Friwili ya aina hii, yaani lile fungu la gia za nyuma, inafungwa kwa nje ya habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo golori za upande wa kulia zinabaki ndani kabisa, na kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kushikiliwa. Kila shimo unalopiga linakipinda pale pale. Baiskeli za bei ya juu zina golori karibu na ncha, ndiyo maana hazisumbui. Nikaagiza gurudumu jingine la nyuma, lenye ringi ya kuta mbili, 55,000. Tangu siku hiyo sijakata spoku hata moja.

Na tyubu! Baiskeli yangu ina matairi ya 700 kwa 25. Madukani mjini tyubu zipo tele, za 26 za mlimani na za 28 za baiskeli za mizigo. Usidanganyike na hiyo 28. Soma ubavuni mwa tairi, kuna namba nyingine ndogo: langu limeandikwa 25-622, yaani upana na kipenyo cha ringi kwa milimita. Tairi la 28 ya mizigo, lile la inchi 28 kwa moja na nusu, ni 635. Hiyo tofauti ya milimita 13 inatosha kufanya tairi lisikae kwenye ringi. Tulijaribu kuingiza tyubu yake tu, tukaikunja kwa ndani. Ilinifikisha nusu ya njia ikalia kama fataki, mbuzi wakakimbia. Tangu hapo tyubu zangu zinatoka Kariakoo kwa basi. Nimeshatumia nne, 8,000 kila moja.

Mbili kati ya hizo niliziua mwenyewe kwa uvivu wa kujaza upepo. Tairi jembamba namna hii, kwa uzito wangu, linataka upepo wa PSI 90 hivi. Likiwa laini, ukipiga ukingo wa shimo tyubu inabanwa na ringi na kutoboka matundu mawili sambamba, kama jino la nyoka. Bahati nzuri valvu yake ni nene, sawasawa na ya pikipiki, kwa hiyo kijiwe chochote cha bodaboda wananijazia. Zile baiskeli za bei mbaya zina valvu nyembamba ambayo pampu zetu nyingi haziikamati.

Kutu iliwahi kuliko nilivyodhani. Hewa ya bahari haisubiri: wiki mbili tu skrubu za breki zilikuwa nyekundu. Sasa kila Jumamosi nafuta cheni kwa tambara kavu na kudondosha oili ya cherehani. Oili chafu ya gari niliiacha baada ya kuona inavyokusanya mchanga.

Hesabu basi. Ukijumlisha baiskeli, nauli ya basi, fundi, mipira ya breki, gurudumu na tyubu, nimetoa 380,000. Mwalimu mwenzangu alinunua ya mtumba kwa 320,000, mzee wa chuma, rangi imebanduka, lakini ukizungusha gurudumu lake kwa mkono linaenda mpaka unachoka kulitazama. Yake ina kasoro moja: matairi ni ya inchi 27, namba 630, na hayo hata Kariakoo ni ya kubahatisha.

Ningenunua tena hii yangu mpya? Kwa 250,000, hapana, ningetafuta mtumba wa 622. Kwa 150,000, ningenunua leo, nikijua gurudumu la nyuma ni la kubadilisha siku hiyo hiyo. Kwa anayepita njia za mchanga kutoka lami kwenda nyumbani, asihangaike kabisa, tairi linazama hadi ringi na utaisukuma kama toroli.

Yangu siiuzi. Imeshapita kilomita 2,000, na kwa kuwa kila kilichokuwa kibovu kimeshavunjika, imetulia. Imebaki tairi la nyuma, nyuzi zimeanza kuonekana katikati. Nimeshaagiza, linakuja na basi la Alhamisi.