Latte ya maua jikoni kwangu South C, Nairobi: nilichonunua, nilichomwaga, nilichobaki nacho

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonisukuma. Kila Jumamosi nilikuwa nikilipa shilingi 550 kwa kikombe cha latte ya lavenda, yaani kahawa ya maziwa yenye povu na harufu ya ua hilo, kwenye mkahawa mmoja wa Westlands. Kikombe chenyewe kilikuwa kizuri, povu limelala laini, juu kimenyunyiziwa vitumba vya zambarau. Lakini Jumamosi nne ni shilingi 2,200, na mimi meko ninayo, sufuria ninazo, na friji haijaharibika. Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Haya ni ya miezi mitatu ya kujaribu.

Mjue kwanza kwamba mimi si mtu wa kahawa kwa malezi. Kwetu Nyeri kahawa ilikuwa shambani na chai ndiyo ilikuwa mezani. Tulichuma matunda mekundu ya SL28, aina moja ya mbuni, tukayapeleka kiwandani, tukapanga foleni ya mizani, halafu jioni tukarudi kunywa chai ya maziwa. Kama kahawa ilikuwepo nyumbani, ilikuwa ile ya kopo ya kuyeyusha kwa maji moto, na ilitoka akija mgeni. Kwa hiyo nikikosea hapa kitu kuhusu kahawa, mnisamehe. Kuhusu maziwa sikosei.

Mashine ya espreso, ile kahawa nzito ya kuanzia latte, sikununua. Nilinunua birika la moka la vikombe vitatu, lile la alumini lenye pembe nane ambalo asili yake ni Italia, kwa Alfonso Bialetti, mwaka 1933. Langu ni la kuiga na lilinigharimu shilingi 1,700. Chini unatia maji mpaka karibu na vali, katikati unga wa kahawa usioshindiliwa, unafunga, unaweka kwenye moto mdogo. Mvuke unasukuma maji yapande kupitia unga, na kahawa nzito inajikusanya juu. Si espreso kamili, ila ina uzito wa kutosha kupambana na maziwa. Likianza kukoroma, liondoe motoni upesi. Ukiliacha likorome mpaka mwisho, utakunywa majivu. Kwa miezi hii mitatu halijaniudhi hata siku moja, na ndicho kitu pekee katika orodha hii ninachokisifu bila masharti.

Sasa kijiti cha betri cha kutolea povu. Nilikinunua Kamukunji kwa shilingi 350 na wiki ya tatu kikanyamaza. Betri mpya, kimya. Nikarudi kwa aliyeniuzia, akakitazama kama hajawahi kukiona maishani. Tangu hapo natumia plunja ya kioo, lile birika la kahawa lenye kichujio cha kusukuma chini, iliyokuwa ikikaa kabatini bure: natia maziwa moto, napampu mara ishirini hivi, na povu linatoka zuri kuliko la kile kijiti. Kama una plunja, usinunue kingine.

Maziwa ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Sisi tumezoea kuyaacha yapande mpaka yatishie kumwagika, ndipo tunasema chai imeiva. Kwa latte tabia hiyo iache mlangoni. Yakifika nyuzi 60 au 65 zima. Kama huna kipimajoto, shika ubavu wa sufuria: pale utakaposhindwa kuacha mkono hapo zaidi ya sekunde mbili, umefika. Yakipita hapo yanaanza kunuka maziwa yaliyopikwa, na harufu hiyo inafunika ua lolote utakalotia. Maziwa ya pakiti na ya ATM, ile mashine ya kuuzia maziwa, yameshapitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, kwa hiyo hayahitaji kuchemka tena. Kama unaletewa mabichi kutoka kwa mwenye ng'ombe, hayo yachemshe vizuri kwanza, yapoe, ndipo uanze safari yako ya latte.

Lavenda nilinunua pakiti ya gramu 40 kwa shilingi 400 kwenye duka la viungo mjini. Nikafanya nilivyoona ni akili: kikombe cha maji, kikombe cha sukari, vijiko vinne vya maua, vyote jikoni kwa dakika ishirini, kama mtu anayepika shira ya kaimati. Jikoni kulinukia mpaka ngazini. Nikajitengenezea kikombe, na kwa furaha yangu nikampelekea jirani yangu Mama Swaleh kikombe cha pili. Ni mama wa Mombasa, amekaa Nairobi miaka mingi lakini ulimi wake haujahama.

"Shikamoo Mama, nimekuletea kahawa ya maua."

"Marahaba mwanangu." Akanusa, akaonja kidogo, akakiweka kikombe chini taratibu. "Hii ni ya kunywa au ya kukogea?"

Alikuwa na haki. Ilikuwa sabuni tupu. Nilipokwenda kusoma ndipo nikaelewa: harufu kuu ya lavenda inatokana na kitu kinachoitwa linalooli, na hichohicho ndicho kinachotiwa kwenye sabuni na manukato mengi, kwa hiyo pua yetu imeshakifunga na bafu. Tena ukichemsha maua kwa muda, ile harufu nyepesi inapaa na mvuke na unabaki na uchungu wake. Na lavenda nazo si moja. Ile ya jikoni ni Lavandula angustifolia. Ile chotara inayolimwa kwa mafuta ina kafuri nyingi zaidi, inakaribia dawa ya kifua. Pakiti yangu iliandika "lavenda" tu, basi. Mwenye kununua, aulize au asome lebo, na kama lebo haisemi chochote, ni bora aiache dukani.

Mara ya pili nikapunguza: vijiko viwili, shira ichemke peke yake, moto uzimwe, maua yaingie, nifunike dakika kumi, nichuje. Hiyo ikanyweka. Rangi yake haikuwa zambarau bali kama chai ya rangi iliyolegea, na hapo nikatambua kwamba zile latte za zambarau za kwenye picha zimetiwa rangi. Ila shida ya lavenda kwenye kahawa ya moka ni kwamba nafasi yake ni nyembamba mno. Kijiko kimoja cha shira kinapotea, huisikii. Vijiko viwili na nusu, uko bafuni. Katikati kuna kikombe kizuri, na nilikipata labda mara tatu kati ya kumi. Kwa shilingi 550 nadhani ulikuwa ukinunua mkono wa mtu anayejua kupima.

Haibiskasi, yaani yale maua mekundu makavu ambayo wengine huyaita rosela, nilijaribu mara moja. Yana asidi kali. Nilipomimina maziwa moto yakakatika palepale, mabongemabonge, kikombe kizima kikaenda kwenye sinki. Kwa juisi ya baridi ni mazuri sana.

Basi nikahamia waridi, na huku ndiko nilikopaswa kuanzia.

Nchi yetu inauza waridi nje kwa shehena, kutoka Naivasha na kwingineko, na mjini unapata fungu kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa. Nilishawishika. Lakini hayo ni maua ya chombo cha mezani, yamekuzwa kwa dawa zilizokusudiwa ua lionekane safi, si liliwe. Usiyatie kwenye sufuria, hata kama umeyaosha mara tano.

Nikanunua sharubati nyekundu ya waridi, ile inayotiwa kwenye faluda. Shilingi 480 chupa. Kwenye maziwa baridi ni ladha ya utotoni kabisa, hasa ukiongeza zile mbegu nyeusi zinazovimba. Yeyote aliyewahi kula faluda Ngara au Diamond Plaza ananielewa. Kwenye kahawa moto ni balaa: utamu unaizika kahawa, na rangi inakuwa ya matope ya Machakosi baada ya mvua. Chupa haikupotea, watoto wa dada yangu waliimaliza wikendi mbili.

Kisha maji ya waridi. Chupa ya kwanza niliichukua kwenye kaunta ya vipodozi, na bahati nzuri nikageuza nyuma kabla ya kufungua: kwa matumizi ya nje ya mwili tu. Ilikuwa ya uso. Ya pili niliipata kwenye duka la vyakula Parklands, shilingi 320, na viambato vyake viliishia kwenye maji na waridi. Hiyo ndiyo unayotafuta. Haina sukari, haina rangi, na harufu yake ni kali kuliko inavyoonekana.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Maziwa mililita 200 kwenye sufuria pamoja na punje mbili za iliki zilizopondwa, moto mdogo, mpaka ile hatua ya mkono. Nachuja iliki, natoa povu kwa plunja. Kahawa ya moka, nusu ya lile birika, inaingia kikombeni na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Maziwa yanafuata. Maji ya waridi, nusu kijiko cha chai, yanakuja mwisho kabisa, kwa sababu ukiyatia jikoni harufu inakwenda na mvuke na unabaki na jina. Nusu kijiko, nasema tena. Kijiko kizima ni harusi.

Nilimpelekea Mama Swaleh kikombe hiki pia, kwa woga. Alikinywa chote. Halafu akacheka. "Mwanangu, hii ni haluwa na kahawa. Mmezitia kikombe kimoja tu." Na kweli, kwao kahawa chungu hunywewa kwa kikombe kidogo huku haluwa ikiwa pembeni, na haluwa nzuri ina iliki na maji ya waridi ndani yake. Akanieleza na mrashi, kile chombo cha shingo ndefu cha kuwanyunyizia wageni marashi harusini. Nilitoka kwake nikijiona nimezunguka Westlands mwaka mzima nikitafuta kitu kilichokuwa mlango wa pili.

Jambo la kahawa yenyewe. Nilianza na pakiti iliyokaangwa kidogo tu, ya Kirinyaga, kwa sababu muuzaji aliniambia ndiyo bora. Kwa kunywa bila maziwa alikuwa sahihi, ni tamu na ina ule ukali wa matunda unaoipa kahawa yetu jina huko nje. Lakini ukali huo ukikutana na waridi, kikombe kinaelekea limau. Omba iliyokaangwa wastani, ikikaribia kahawia iliyokolea. Pakiti ya gramu 250 mimi nimeipata kwa shilingi 600 na inanitolea mabirika ya moka kama 16. Ukijumlisha maziwa, sukari, iliki na yale matone ya waridi, kikombe changu hakifiki shilingi 75.

Na wale wanaosema usimimine maji yaliyotoka kuchemka juu ya kahawa kwa kuwa yataiunguza: hiyo ni shauri ya watu wa pwani na wa nchi tambarare. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hilo ni joto ambalo kahawa inalipenda. Siku ninazotumia plunja kwa kahawa badala ya maziwa, namimina bila kusubiri.

Mama Swaleh ana mche wa asmini kwenye mkebe wa rangi pale kwenye baraza lake, na juzi alinipa kiganja cha vitumba vilivyoanza kufunguka jioni. Nikavilaza ndani ya maziwa baridi, bakuli limefunikwa, friji, usiku kucha. Asubuhi harufu ilikuwepo, ndogo, kama mtu aliyepita chumbani. Nilipoyapasha moto ikaondoka yote. Nikarudia kesho yake bila moto, barafu na kahawa ya moka iliyopoa, na hicho ndicho kikombe kizuri kuliko vyote nilivyotengeneza. Lakini sikushauri uchume ua lolote jeupe lenye harufu ukidhani ni asmini. Kuna mimea inayofanana nayo kwa jina au sura na ina sumu. Mimi nimepewa na mtu anayesuka vikuba, vile vishada vya asmini, kwa mikono yake.

Maji ya waridi nitanunua tena, birika ningelinunua leo kama lingeibwa. Lavenda iliyobaki, zaidi ya nusu ya pakiti, nimeishona ndani ya kitambaa cha leso kuukuu na kuiweka kabatini katikati ya mashuka. Huko inanukia vizuri sana.