Kamera ya mtoto isitoke nje ya mlango: uzoefu wangu na MikroTik hAP lite

Kamera iliyo juu ya kitanda cha binti yetu niliinunua Luthuli Avenue, wiki ambayo mama yake alirudi kazini. Sikuwahi kujiuliza picha zake zinapita wapi. Kisha jirani yetu hapa Donholm, ambaye kazi yake ni kuwawekea watu wifi, akaja na ruta ndogo ya kampuni ya MikroTik iitwayo hAP lite, akaunganisha kamera humo na kunifungulia sehemu inayoitwa Torch, inayoonyesha papo hapo kila kifaa kinawasiliana na nani. Simu zetu zote mbili zilikuwa zimefunga programu ya kamera, lakini kamera ilikuwa ikituma data nje mfululizo. Usiku huo sikupata usingizi.

Nilikuwa na sababu. Mwaka wa 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vifaa vya kurekodia video ambavyo bado vilikuwa na nywila za kiwandani, na Oktoba vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hadi tovuti kubwa zikakosa kufunguka.

Kwanza nilijaribu ruta tuliyopewa tulipounganishiwa intaneti. Nikaizuia kamera, ikatoweka kabisa, hata nikiwa sebuleni siioni. Mimi nilitaka ionekane ndani ya nyumba, ila isifike nje.

Hapo ndipo hAP lite ilipoushinda moyo wangu. Kwenye WinBox, programu ya kompyuta ya kuipangia ruta hiyo, unafungua IP, kisha Firewall (faiwoli, sehemu ya kuamua data gani ipite), unaongeza sheria moja: chain iwe forward (data inayopita kwenye ruta), uweke anwani ya MAC ya kamera, yaani namba inayokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, action iwe drop (itupwe). Basi. Vifaa vilivyo kwenye wifi hiyo hiyo huwasiliana bila kupitia sheria hiyo, kwa hiyo nafungua kamera kwa VLC, programu ya kuchezea video, nikiwa jikoni na kumwona mtoto akilala. Angalia tu mpangilio: sheria husomwa kutoka juu kwenda chini, na yako lazima iwe juu ya ile ya fasttrack, inayopitisha haraka mawasiliano yaliyokwisha kuanza bila kuyakagua. Mimi niliiweka chini, na Torch ikanionyesha kamera bado inatuma. Tena kamera ilikuwa inakumbuka wifi ya ile ruta ya zamani, ikarudi huko kimyakimya. Ilibidi niifute mipangilio yote nianze upya.

Stima ilipopotea Jumapili moja, kamera iliwaka na saa isiyo sahihi, kwa kuwa ilizoea kuulizia saa kwenye intaneti. RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta hii, ina seva ya NTP ndani yake, yaani huduma ya kuvipa vifaa saa sahihi. Niliiwasha, nikaiandikia kamera anwani ya ruta, 192.168.88.1, na saa ikakaa sawa. Kama laini yako ina IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kumbuka IPv6 ina ukurasa wake wa faiwoli, na sheria ya IPv4, mfumo wa zamani, haiigusi.

Usitegemee njia hii kwa simu ya kijana wako. Tangu Android 10 na iOS 14, simu zinaweza kutumia anwani ya MAC ya kubuni, kwa hiyo sheria yako itamkosa. Kamera yangu haibadilishi yake.

Ruta hii ina wifi ya GHz 2.4 pekee na matundu manne ya waya ya Mbps 100. Kwa laini yetu inatosha, lakini mwenye intaneti ya kasi zaidi ya hapo atafute kubwa yake. Menyu ni nyingi mno, na bila jirani ningechukua wiki nzima.

Gharama nyingine ni kwamba nikiwa kazini mjini simwoni mtoto. Mama yake alilisikitikia hilo sana mwanzoni. Tulikubaliana dada atupigie saa saba, mtoto akimaliza kula, na siku hizi ndiyo simu tunayoingojea kuliko zote.