Kunyolewa Lubumbashi bila lugha ya kuelewana na kinyozi: uzoefu wangu

Nimenyolewa vizuri Lubumbashi, na kijana aliyeninyoa hatukuwa na lugha ya kuzungumza. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa malori na wafanyabiashara wanaoingia Kongo kupitia Kasumbalesa, maana wengi hukaa na nywele mpaka zinajisokota, wakisubiri kurudi kwa kinyozi wa nyumbani. Wanaogopa kuharibiwa kichwa ugenini. Kwa niliyoyaona, hakuna sababu ya kuvumilia kiasi hicho.

Mtanzania akifika Lubumbashi huwa hategemei shida ya lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, na ndicho utakachokisikia sokoni, kwenye teksi na vibandani. Lakini huu ni mji wa shaba, umekuwa ukivuta watu tangu ulipoanzishwa 1910, na wengine wametoka mbali: Kasai, Kinshasa na kwingineko. Saluni niliyoingia ipo upande wa Kenya (ndiyo, mji una eneo lenye jina hilo, lenye soko kubwa), na kinyozi aliyekuwa na nafasi ni mtu wa Kinshasa. Yeye ni Kilingala na Kifaransa. Kifaransa changu mimi kinaishia kwenye salamu.

Sasa sikiliza alichofanya. Alinikalisha, akanifunga kitambaa shingoni, kisha akachukua vile vichanuo vya plastiki vinavyopachikwa kwenye mashine, akavipanga kiganjani mwake mbele yangu. Hapo nilitulia kabisa. Namba zile ni zilezile karibu kila nchi: namba 1 huacha nywele za milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 3 karibu milimita 10. Nikagusa 2 nikaonyesha utosini, nikagusa 1 nikaonyesha pembeni. Bado hakunyoa. Alipachika namba 2, akapitisha mara moja tu nyuma ya sikio, mahali ambapo namba 1 ingepita baadaye hata hivyo, akaleta kioo cha mkono na kusubiri. Nilipoitikia kwa kichwa ndipo akaendelea.

Kwa kule kusubiri ndipo ninapompa alama zote. Kinyozi anayejua lugha yako anaweza kukuuliza huku mashine tayari inakula nywele. Huyu hakuwa na maneno, kwa hiyo kila hatua alisimama na kutafuta macho yangu kwenye kioo.

Kwenye panja alinishangaza zaidi. Ndipo vinyozi wengi wanaponiudhi, hata wa kwetu, kwa kulazimisha mstari upande juu hadi paji la uso linakuwa uwanja. Yeye alitoa penseli nyeupe, akauchora mstari kwanza. Ulikuwa juu mno. Nikatikisa kichwa, akaufuta kwa kidole gumba, akachora mwingine chini kidogo, akafuatisha kona za nywele zangu zenyewe. Safari hii nilikubali, na wembe ukapita juu ya penseli bila kutoka nje hata kidogo.

Wembe wenyewe aliuchomoa kwenye karatasi yake mbele yangu, na kabla ya yote alikuwa amesugua meno ya mashine kwa brashi na kuyafuta kwa spiriti. Nisingeona hayo ningeinuka. Mapunye huhama kichwa hadi kichwa kwa vifaa vichafu, na wembe uliomkata mtu mwingine unaweza kukupa homa ya ini aina ya B. Haya ni mambo ya kuangalia kwa macho, hayahitaji mkalimani.

Kwenye ndevu ndipo tulipokwama. Ishara zangu za mkono zilikuwa zinasema mambo mawili kwa pamoja, na programu ya kutafsiri kwenye simu haikusikia kitu kwa jinsi muziki ulivyokuwa juu. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akatuokoa: "Papa, anauliza, atoshe ndevu zote ao abakishe kidogo?" Nikamwambia, "Mwambie abakishe, mzee wangu, apunguze tu." Akayapeleka kwa Kilingala, kazi ikaendelea. Lubumbashi mtu wa namna hiyo hakosekani kwenye benchi la saluni, kwa hiyo usione aibu kuomba msaada.

Lawama ninayo moja. Alipofika kisogoni alipitisha wembe kinyume na nywele zinavyoota kabla sijawahi kumzuia. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini ya ngozi hujikunja na kuchoma nyama zinapoota, na kweli baada ya siku chache shingo ilijaa vipele. Kama ngozi yako iko hivyo, shika kisogo, onyesha mashine, kisha onyesha wembe na kutikisa kichwa. Fanya hivyo mwanzoni kabisa, kabla hujainamishwa.

Kitu kingine cha kubeba ni picha zako mwenyewe: mbele, ubavuni na kisogoni, zilizopigwa siku uliyotoka kunyolewa ukaridhika. Picha ya mchezaji wa mpira haimsaidii kinyozi, maana nywele zake na umbo la kichwa chake si vyako. Umeme ulikatika tukiwa katikati, lakini alikuwa na mashine ya chaji na hakupoteza hata dakika. Chungulia kama ipo kabla ya kukaa.

Nililipa faranga 5,000 pamoja na kuoshwa kichwa. Bei aliiandika kwenye simu kabla ya kuanza, jambo ambalo nakushauri ulidai popote. Dola zinapokelewa pia, ila iwe noti safi, kwani yenye mchaniko hata mdogo utarudishiwa. Jumamosi jioni foleni hufika hadi barazani, na kazi ya kuonyeshana namba kwa kioo inataka kinyozi asiyesukumwa, kwa hiyo nenda asubuhi, siku ya kazi.