Daftari la Kufuatilia Maendeleo ya Mtoto wa Awali: Ni Imara katika Hesabu, Linapwaya katika Kusoma

Mzazi anayemfundisha mtoto wa miaka mitano nyumbani hukosa kitu kimoja ambacho mwalimu wa shule hukipata bila kukitafuta, nacho ni watoto wengine wa kumlinganisha naye. Ni rahisi kudhani kwamba mtoto ametangulia kwa sababu anaimba herufi zote, au kwamba amebaki nyuma kwa sababu leo hataki kushika penseli. Kwa ajili hiyo nilinunua daftari la kufuatilia maendeleo linalouzwa mtandaoni na muuzaji wa Marekani kwa wazazi wanaosomesha watoto wa chekechea nyumbani. Huja kama faili la PDF, nami nikalichapisha katika duka moja la vifaa vya ofisi katikati ya jiji la Mwanza na kulifunga kwa spairo. Tumelitumia na binti yetu hapa Nyegezi tangu mwanzo wa mwaka, baada ya kuona kwamba basi la shule lingemchukua kabla hakujapambazuka. Januari ijayo ataingia darasa la kwanza, na ningependa aingie tukijua kwa hakika yuko wapi.

Daftari hili limejengwa juu ya viwango vya Common Core, vilivyotolewa Marekani mwaka 2010 na kupokewa na majimbo mengi ya nchi hiyo, ambavyo kwa ngazi ya chekechea vinahusu Kiingereza na hisabati tu. Kila kiwango kina mstari wake na alama yake. K.CC.A.1, kwa mfano, ni kiwango cha kwanza katika kundi la kuhesabu na idadi, na kinamtaka mtoto ahesabu hadi 100 kwa moja moja na kwa makumi. Mbele ya kila mstari kuna visanduku vitatu vya tarehe, na maelekezo yanamkataza mzazi kuandika kwamba mtoto ameweza hadi afanye jambo lenyewe katika siku tatu tofauti bila kusaidiwa. Kwangu mimi hapo ndipo thamani ya daftari ilipo, kwa kuwa jambo ambalo mtoto wa umri huu amelifanya vizuri Jumatatu anaweza kulisahau kabisa kufikia Alhamisi, na alama moja ya vema ingeuficha ukweli huo.

Sehemu ya hesabu ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Kiwango kimoja kinamtaka mtoto ajibu swali la "vingapi?" kwa vitu hadi 20 vilivyopangwa kwa mstari, kwa safu au kwa duara, na hadi 10 vilivyotawanyika. Nilidhani huo ni urefushaji wa maneno tu. Tulipopanga visoda 14 kwa mstari, binti yetu alivihesabu bila kukosea, akavigusa kimoja kimoja. Nilipovipanga vilevile kwa duara alipita pale alipoanzia akaendelea kuzunguka, 15, 16, 17, hadi nilipomsimamisha. Alijua kutaja namba kwa mpangilio, lakini alikuwa hajapata njia ya kukumbuka ni kisoda gani amekwisha kukihesabu. Baadaye alibuni mwenyewe kuanza na kisoda chekundu na kukishikilia kwa kidole cha mkono mwingine. Bila mstari ule wa daftari nisingefikiria kupanga duara, na ningeandika kwamba anahesabu hadi 20 na kuendelea mbele.

Hata hivyo, mtumiaji wa Kiswahili asifuate ratiba ya daftari kama ilivyo. Limetenga majuma mengi kwa namba za 11 hadi 19, kwa sababu mtoto wa Kiingereza hujifunza majina yasiyomwonyesha waziwazi kwamba ndani yake mna kumi. Mtoto wetu anayetamka kumi na tatu amekwisha kuambiwa na lugha yake kwamba ni kumi na nyingine tatu, hivyo sehemu hiyo tuliimaliza upesi. Kilichomkwamisha ni majina ya makumi, hasa sitini na sabini, ambayo daftari linayapitia harakaharaka.

Sehemu ya kusoma siipendekezi kabisa kwa anayefundisha kwa Kiswahili. Imejaa maneno mafupi ya Kiingereza ya kukariri kwa kuyaona, kwa kuwa tahajia yake haifuati matamshi. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake ile ile, kwa hiyo mtoto aliyezimudu silabi anaweza kusoma hata neno ambalo hajapata kuliona. Nililazimika kutengeneza ukurasa wangu: irabu, silabi za ba be bi bo bu, kisha cha, sha, nya, mba na nda, kisha zenye konsonanti zaidi kama ile ya mbwa, na mstari wa peke yake wa kutofautisha ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. (Watoto wengi wa huku Usukumani huitamka ng' bila shida, maana wamezungukwa na majina yenye sauti hiyo; kazi iko katika kukumbuka kuandika ile alama.) Faili limefungwa na halikubali kuongezwa mstari, jambo ambalo muuzaji angeweza kulirekebisha kwa kuweka kurasa chache tupu.

Pengo kubwa zaidi ni yale yasiyokuwemo. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016, kabla ya huu ulioboreshwa ambao ulianza kutumika Januari 2024, uliweka umahiri wa kuhusiana, kutunza afya na kutunza mazingira sambamba na kuwasiliana na dhana za kihisabati. Kwetu tunaoishi kando ya ziwa hayo si mapambo. Mtoto wa hapa anapaswa kujua kwa nini haogi wala kuchezea maji ya kina kifupi yenye majani, wanakokaa konokono wanaoeneza kichocho, na kwa nini maji ya ziwa hayanywewi kabla ya kuchemshwa. Nimeyaandika hayo kwa mkono kwenye kurasa za nyuma, nikatumia visanduku vile vile vitatu, na yanafuatilika vizuri tu: tarehe aliyonawa mikono kabla ya kula bila kuambiwa ni ushahidi sawa na tarehe aliyoandika namba 20.

Ripoti ya mwisho wa muhula, inayogeuza kila kitu kuwa asilimia, iachwe. Inahesabu kutambua pembesita kuwa sawa na kujumlisha ndani ya 5 kwa wepesi, na kumwambia babu yake kwamba mtoto amefikia asilimia fulani hakumwonyeshi chochote anachoweza kufanya. Mfuko wa plastiki niliouongeza mwishoni wa kutunzia kazi za mtoto una faida zaidi. Ukiweka humo karatasi moja ya kila mwezi yenye jina lake alilojiandikia mwenyewe, mwalimu wa darasa la kwanza ataona mwenyewe mkono ulivyokomaa.

Kwa hiyo ninalipendekeza kwa nusu yake. Chapisha kurasa za hesabu na maelekezo ya visanduku vitatu, kwa rangi nyeusi tu, kwa sababu rangi zake ni mapambo na zinapandisha gharama ya uchapaji. Kurasa za kusoma ziache, na mahali pake weka silabi ulizoandika mwenyewe pamoja na umahiri wa mtaala wetu.