Wati 5 zinatosha, chujio ndilo lililonisumbua

Seti hii ya kujiundia redio ya ridhaa (ya mawasiliano ya hobi) ya bendi ya mita 40, ya Morse tu, yaani nukta na vistari bila sauti, niliinunua kwa sababu moja: nilitaka kushindana kwa chombo nilichokilehemu mwenyewe. Sasa ni msimu wa pili. Naisifu kwa moyo wote, ila si kama ilivyotoka kwenye boksi.

Bodi ni safi na vipande vyote vilikuwemo. Koili ndizo zilizonikwamisha. Siku ya kuiwasha, sindano ya mita ya nguvu haikutikisika. Nikakagua transista, nikakagua kapasita, hola. Kumbe ncha moja ya waya wa koili ilikuwa bado na vanishi, lehemu imeizunguka bila kushika. Nikaikwangua kwa wembe hadi shaba ikang'aa, nikalehemu upya, wati 5 hizo. Maelekezo yalipaswa kulisema hili kwa herufi kubwa.

Mashindanoni ndipo nilipoijua vizuri. CQ World Wide ya Morse, mashindano ya dunia ya kuwasiliana na vituo vingi kadiri uwezavyo, wikendi kamili ya mwisho ya Novemba, ni saa 48 za bendi iliyofurika. Chujio la seti, linalotenga kituo kimoja na majirani zake, lilikuwa na kristali 3 na lilipitisha upana wa kama kilohezi 2, basi nilisikia vituo vitano kwa mpigo nisiambue hata kimoja.

Wenzangu wakanishauri niongeze nguvu. Lakini kutoka wati 5 hadi 10 ni desibeli 3, nusu tu ya kipimo kimoja cha S (ngazi za kupimia nguvu ya ishara) kwa anayenisikiliza, tena ningetoka kundi la QRP, la nguvu ndogo, lenye kikomo cha wati 5. Na kituo nisichokisikia nitakijibuje?

Nikanunua kristali 30 za megahezi 4.9152 kama zile za awali, nikapima moja moja kwenye osileta kwa kaunta ya masafa, nikachagua 6 zilizopishana kwa chini ya hezi 50. Chujio jipya hupitisha upana wa hezi 500 tu. Nilipovaa hedifoni nilidhani antena imechomoka, kwa kimya kilivyokuwa. Mara kituo kimoja kikaingia, peke yake, nukta na kistari vimenyooka.

Anayejua kulehemu aichukue. Anayetaka kuongea kwa sauti, hii haimfai. Kwangu imebaki kazi moja: ishara yangu huwaka na kuzima ghafla mno, ikiwarushia vibofyo walio masafa ya jirani. Kabla ya Novemba nataka ipande taratibu, kwa milisekunde 5 hivi.